Majivu ya Mama na Majivu ya Tate

Siku ya pili ya juma, tarehe kumi na ine, mwezi wa kumi. Manyunyu tangu asubuhi, na baridi kidogo.

Ninyi wa rika langu muliokulia mutaa wetu wa Shari, wakati udongo mwekundu ulikuwa unatushika mpaka magotini, mutanisahihisha nikikosea. Mimi masomo niliacha primeri, na miaka inanichanganya. Lakini moshi wa kuni za kalitusi asubuhi, ule siwezi kuusahau.

Baba alikuwa amechimba nusu ya parsele yetu, kiwanja cha nyumba, akifyatua matofali. Udongo mweusi wa juu ulienda wote. Nyuma ya nyumba kulibaki kipande kimoja, nacho kilikuwa kimekonda. Mama alipanda lenga-lenga, mchicha wetu, pale. Zikatoka za manjano, fupi kama nywele za mutoto aliyenyolewa juzi. Baba akaziangalia.

—Mama Neema, kama mvua inaisha na hapa hakuna mboga, nitachimba na hapa.

—Mvua haijaisha, mama akajibu.

Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichotoka jikoni bure. Maganda ya ndizi, ya mihogo, ya maharagi, vyote vilienda mu shimo la matofali vioze viwe mbolea. Majivu ya mafiga tuliyaacha yapoe usiku, asubuhi tukayanyunyiza kwenye mboga kidogo kidogo kama chumvi. Wenzetu walituita "batoto ba majivu", na siye tuliwafukuza kwa mikono myeupe, wakakimbia wakipiga kelele. Huo ndio ulikuwa muchezo wetu, hatukuhitaji mwingine.

Lakini lenga-lenga zilibaki manjano. Asubuhi moja mama akachota majivu, akayaonja kwa ulimi.

—Hii majivu haina kitu!

Akageuka kumuangalia tate, mama muzazi wa baba, aliyeketi karibu na mafiga na chungu chake cha matundu. Munajua kazi ya chungu kile: unajaza majivu, unamimina maji, na yanayochuruzika chini ndiyo munyu wa kulainisha maharagi. Kumbe tate alikuwa anakamua majivu yote kwanza, kisha anayarudisha penye lundo. Mama alikuwa analisha shamba makapi.

—Mama, unakamua majivu yangu?

—Yako? Mafiga ni ya nani? Bila munyu wangu, haya maharagi yangekuvunja meno!

Tate hakukosea: bila munyu, kuni zingeisha na maharagi yangali mawe. Mama naye hakukosea. Mpaka leo nikijaribu kuhukumu, nashindwa.

Mama akapiga magoti.

—Mama, maganda ya ndizi uyachome, majivu yake ni yako. Ya kuni, uniachie niweke mu udongo.

—Na ya magunzi?

—Ya magunzi tugawe.

Toka hapo tulizunguka na beseni kwa majirani, tukiomba majivu ambayo hayajakamuliwa. Wengine walitucheka, wengine walitujazia. Mama hakupumzika hata siku moja.

Mvua zilipokaribia kuisha, lenga-lenga zilinifika kiunoni, majani yake ya kijani kizito. Baba akaja amebeba kalibu yake ya mbao, ile ya kufyatulia matofali. Akasimama, akavunja jani, akalinusa. Kisha akaenda kuitupa kalibu karibu na mafiga.

—Mupikie hii.

Tate akauliza palepale:

—Na majivu yake itakuwa ya nani?

Mama akacheka mpaka akakaa chini.

Leo wajukuu wangu wanafunga maganda mu sashe za plastiki, wanatupa mu mufereji, kisha wanakwenda soko kununua angre, mbolea ya dukani, ya kuweka kwa mboga. Yule mukubwa ananiambia:

—Tate, weye uko unafuga takataka!

Sisemi siye tulikuwa bora. Hatukuwa na sashe. Labda tungetupa vilevile. Lakini shimo langu la maganda halitafungwa nikiwa hai, na leo, hata na manyunyu haya, nimenyunyiza majivu yangu.

Zamani tulijaa kuzunguka sinia moja, tukisukumana viwiko. Magaribi hii tulikuwa watatu tu. Tulikula bugali ya mihogo, maharagi ya munyu, na lenga-lenga za nyuma ya nyumba. Aliyekwangua sufuria mpaka ikalia ni yule anayesema nafuga takataka.