Kanisa Lilipoitwa Ofisini

Nilikuwa ofisi ya serikali Kabambare nikingojea karatasi yangu ipigwe muhuri, pasta wa Wabatisti alipoingia. Nyuma yake wakafuata wamama wenye majembe na wachimbaji wa dhahabu wenye matope ya Salamabila, hadi mlango ukajaa.

"Niliita mukubwa wa kanisa," afisa akasema, "si watu wote!"

"Mukubwa ni Kristo," pasta akajibu. "Kanisa ni hawa."

Afisa akaonyesha kwa kidole jengo la matofali ng'ambo ya njia. "Na ile?"

"Ile ni nyumba tu."

"Barabara mupya itapita pale. Unakubali tuibomoe?"

"Mimi niko na mukono moja tu wa kunyoosha, sawasawa na hawa. Uwaulize."

Afisa alifuta jasho. Mkubwa asiyeweza kusema ndiyo peke yake, hakuwahi kumwona. Mwishowe akawageukia watu: "Wenye kukubali, mikono juu!" Akanyoosha wake kwanza, kuwaonyesha mfano.

Mama mmoja aliyekaa sakafuni akamtazama kwa huruma. "Shusha, papa. Kwetu wananyoosha waliobatizwa tu, na wewe haujabatizwa."

"Nilibatizwa! Nilikuwa mutoto wa kunyonya."

"Na wewe ulikubali?"

Mkono wa afisa ukabaki katikati, haujui upande au ushuke.

Jengo lingali limesimama. Barabara, kama mnavyozijua zetu, haijafika. Lakini mimi pia nilibatizwa ningali mgongoni mwa mama. Sasa kila Jumapili kanisani kwetu naketi nikiitazama mikono yangu, nikijiuliza ni nani aliyenyoosha wake kwa niaba yangu.