Filimbi ya Baba Mkwe

Siku ile ya Columbus, mwanangu, hunijia hadi leo kama ndoto ya alfajiri: ukungu juu ya nyasi, jasho likifuka migongoni mwetu, na filimbi ikilia kama inatoka mbali sana.

Nilikuwa kijana, bado mgeni huku Marekani, mjini Buffalo, miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Siku za kazi tulikuwa kiwandani Tonawanda. Jumamosi tulicheza raga, ile ya watu kumi na watatu. Siku hiyo tuligombea kombe na vijana wa Louisville. Refa alikuwa Mzee Wafula, Mkenya wa hapohapo Columbus. Bahati, kapteni wetu, alikuwa amepeleka posa kwa binti wa Mzee huyo, jibu bado. Louisville walinung'unika, lakini refa mwingine hakuwepo. Bon, sisi tulicheka kimoyomoyo.

Katika raga hiyo, ukimwangusha mtu sharti umwachie upesi, ainuke na mpira. Wajanja humlalia kidogo, wenzao wapate kujipanga. Mchezo ulipoanza tu, Louisville wakatulalia. Mzee akapuliza, nasi tukashangilia: haki hiyo! Ee, mkuki kwa nguruwe.

Mwishoni tuliongoza kwa pointi moja. Bahati akamwangusha mtu karibu na milingoti yetu, akamlalia. Filimbi. Louisville wakapiga penalti; mpira ukaelea ukunguni polepole, ukapita katikati ya milingoti. Tukashindwa.

Tukamzunguka Mzee. "Dakika ya mwisho, Mzee! Ungefumba macho tu!"

Mzee alimgeukia Bahati. "Ulimlalia ama hukumlalia?"

Nilimwona Bahati akitutazama sisi wenzake.

"Nilimulalia, papa."

Mzee akafuta filimbi kwa shati. "Haya. Waambie wazee wako waje nyumbani. Nilikuwa sijui niwajibu nini. Sasa najua."

Tulirudi bila kombe, na wengine hawakumsemesha Bahati hadi tulipofika mtaani kwetu Riverside. Lakini mke alipata.

Mwanangu, sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Ukiifurahia inapomkata mwenzako tu, unachopenda ni ushindi. Ukipewa uamuzi, kazini au nyumbani kwako, mpimie mgeni na mkweo kwa kipimo kimoja, mwanzo hata mwisho. Nawe ukikamatwa, sema kweli, hata wenzako wakikununia.

Mungu akupe moyo mnyoofu na watu wa kukuamini. Nenda salama, mwanangu.