Mkate wa Baba Mkwe

Kila mara familia inapokwenda kupiga kambi, baba mkwe ndiye mwenye kikaangio, na ole wake atakayekuja na mkate wa dukani. "Huo ni sifongo," husema, "kaogee." Mke wa mwanawe mkubwa humtazama akikanda unga kwa maji na chumvi bila kupima, akiutandaza kwa ubavu wa chupa ya chai, kisha akichuchumaa mbele ya makaa na kufumba macho. Zamani, anasema, watu walipika kwa pua. Siku hizi hata maji yanachemshwa kwa kuuliza simu. Pua ikimwambia tayari, hugeuza mkate kwa vidole vitupu.

Safari hii alifumba macho, akakaa. Mkwewe akasikia harufu ya kuungua.

"Baba, bado?"

"Bado, mama. Sijausikia."

Moshi mwembamba ukachomoza ukingoni, na pua ya mzee ilikuwa juu yake kabisa. Ndipo mkwe alipoelewa kwamba pua ile haifanyi kazi tena. Nyuma yao wana wa mzee walikuwa wanakuja na kuni, watu wasioweza kuliacha la kuchekesha lipite. Akaunyakua mkate, akaugeuza, akajing'ata mdomo kwa ule moto wa vidoleni. "Si umesema nigeuze, baba?" akauliza kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mahema.

Mzee akafumbua macho, akautazama ule weusi, kisha akamtazama yeye. "Nimesema," akajibu. "Mbona umechelewa?"