Nasambu Akataa Chai

Katika ploti ya Kiragu, mtaa wa Kawangware 46 jijini Nairobi, kila mpangaji alijua kwamba nyumba ya Wanzala seremala huamka kwa chai. Bwana huyu alijifunza kupiga randa Soweto West kule Kibera, akaoa, akahamia hapa, na kote alikopita hakuna aliyewahi kumwona akikataa kikombe. Ndiyo maana binti yake Nasambu, mwenye miaka tisa, alipoanza kuisukuma chai kando kila asubuhi, majirani walicheka wakasema huyo si Mluhya, Mluhya hakatai chai, alibadilishwa hospitalini.

Wanzala hakucheka. Nasambu alikuwa na baridi yabisi, ugonjwa ambao baba yake, kama watu wengi, alidhani ni wa wazee tu, hadi magoti ya mtoto yalipovimba kama maandazi. Dawa zilikuwa zimeanza kumsaidia na alikuwa amerudi shuleni. Lakini huko kliniki, daktari alimpima uzito akakunja uso. Mtoto alikuwa amekonda. Dawa hizi zinataka maji na chakula, alisema. Akiendelea hivi, itabidi tuzisimamishe. Na kuzisimamisha kulikuwa ni kurudi kubebwa mgongoni.

Basi wakabembeleza. Musimbi, mama yake, akaongeza tangawizi, akaongeza maziwa, akaongeza na ukali. Wapi! Nasambu alilowesha midomo tu, kikombe kikarudi kimejaa, na sahani hivyo hivyo.

Jumamosi moja Wanzala alikuwa nje ya mlango wake akipiga randa mguu wa stuli ya mteja, akamwona binti yake akielekea choo cha shimo wanachotumia wapangaji wote. Alifika mlangoni, akasimama, akarudi. Baada ya muda akaenda tena, akarudi tena. Mara ya tatu machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Nasambu, choo iko na mtu?"

Akatikisa kichwa. Kisha yote yakamtoka kwa mkupuo. "Nikichuchumaa magoti zinashika, siwezi kuamka. Siku ile jirani yetu Mama Valerie ndiye alinitoa, na watoto wote walikuwa hapo wakaniona. Baba, nisipokunywa chai, siendi choo."

Wanzala aliweka randa chini. Aibu ilimshika, aibu kubwa. Miaka kumi na mitano alikuwa akiwatengenezea watu wa Riruta viti vya kukalia wakitazama televisheni, na mtoto wake mwenyewe alikuwa akishinda na kiu kwa kukosa kiti. Hakuna aliyemuuliza: si daktari, si mama, wala yeye aliyejiita fundi.

Mteja atangoja, akasema. Aliichukua ile stuli, akaikatia tundu la duara katikati, akailainisha kingo mpaka hata kitambaa hakingeshika. Akaiwekea mikono miwili minene, kwa sababu vidole vya Nasambu havikujikunja vizuri, apate pa kujisukumia akiinuka. Akaipaka vanishi ili ioshwe kwa maji. Jumapili asubuhi akaiweka juu ya shimo la choo; Nasambu aliingia na kutoka peke yake, akatembea hadi nyumbani kichwa juu.

Alasiri Kiragu akaja kukagua ploti yake.

"Fundi! Hii kiti inafanya nini kwa choo yangu? Si nilisema hakuna kuacha vitu hapa? Toa!"

Wanzala alimweleza habari yote, magoti, chai, mizani ya daktari, bila kuficha hata ile aibu yake. Kiragu aliishika ile mikono ya kiti, akaitikisa, kisha akakaa na suruali yake nzuri, akainuka, akakaa tena.

"Mathe yangu, mama mzee wa hapo Riruta, analia na magoti tangu mwaka jana," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Mtengenezee kama hii. Na hii ikae hapa. Mtu akiitoa, ataongea na mimi."

Jumatatu, kabla ya shule, Nasambu alikishika kikombe kwa mikono miwili akanywa mpaka akakiinamisha kupata tone la mwisho. Akaomba cha pili. Alipoomba cha tatu, Musimbi akachungulia kopo.

"Baba Nasambu, sukari itaisha."

"Wacha iishe," alisema Wanzala, akamimina.