Mbwa wa Mama Mkubwa na Dawa ya Kabichi

Nilipopanda milimani Mgeta wiki mbili baada ya kuhitimu chuo cha kilimo na mifugo, mbwa wa mama mkubwa alikuwa amejifungua watoto wanne katika kona ya jiko, juu ya magunia chakavu ya katani, na viroboto walikuwa wakiwanyonya wote wanne. Nilimwinua aliyekuwa mdogo kuliko wenzake, jike la rangi ya majivu lililoenea katika viganja vyangu viwili, nikamfunua mdomo. Fizi zake zilikuwa nyeupe kama unga wa sembe.

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Anaishi peke yake kwenye ardhi ya ukoo wetu, mashamba madogo yaliyopangwa kama ngazi mlimani: kabichi karibu na nyumba, juu yake njegere, na juu kabisa viazi, mahali msitu unapoanzia. Kutoka msituni hushuka ngedere na nguruwe pori. Mbwa ndiye anayewazuia. Bila yeye, njegere zote ni za ngedere, na mama mkubwa hana kitu cha kujaza tenga analopeleka gulioni.

Ilikuwa Jumapili, tumetoka misani. Alinieleza bila wasiwasi wowote kwamba Jumamosi, asubuhi ya siku ya gulio, jirani atakuja na bomba lake la mgongoni kupiga dawa kwenye kabichi, na kile kitakachobaki ndani ya bomba atamwogeshea mbwa na watoto wake. Mlimani kote ndivyo wanavyofanya. Dawa ni ghali, mabaki hayamwagwi, na mdudu ni mdudu, awe kwenye jani au kwenye manyoya.

Nilihisi damu ikinipanda. Miaka yote ya chuo nilikuwa nimengoja siku ambayo elimu yangu ingehitajika na kiumbe hai badala ya mtihani, na siku hiyo ilikuwa imefika, ikilia kwa sauti nyembamba mkononi mwangu. Nilimweleza mama mkubwa kwamba dawa ile hupita kwenye ngozi, kwamba mbwa hujilamba, kwamba watoto hunyonya palepale palipolowanishwa. Halafu, kwa haraka ya mtu anayejua yuko sahihi, nikamuuliza kuhusu mbwa wake wa zamani, yule aliyekufa msimu wa mvua uliopita. Nilikuwa nimesikia nyumbani kwamba aliumwa na nyoka: alitetemeka, akatokwa na povu, akafa kabla ya jua kuzama.

"Siku ile alikuwa ameogeshwa?" niliuliza.

Mama mkubwa aliacha kumenya viazi.

"Asubuhi yake," alisema.

Jirani na yeye walikuwa wamefyeka kichaka kizima cha kandokando ya kijito wakimtafuta yule nyoka. Siku mbili za panga. Hawakumwona.

"Kwa hiyo nyoka nimemsingizia," alisema, akaendelea kumenya.

Usiku nilijiuliza kama ukweli ukisemwa namna ile bado ni wema. Lakini kabla sijalala alikuwa amenipa jibu la swali jingine, kama ataniacha nijaribu njia yangu. Alisema atanipa mpaka Jumamosi. Jirani akifika na bomba, na mama mkubwa akaona watoto bado wanakwisha, wataogeshwa. Afadhali wafe wakitibiwa, alisema, kuliko wafe yeye akiwatazama.

Jumatatu niliamka kabla ukungu haujainuka, na furaha yangu ilikuwa kubwa kupita kiasi. Ukingoni mwa shamba la njegere nilikuta kichaka cha utupa, kile chenye majani madogo yaliyopangwa pande mbili za kikonyo, na nikakumbuka kwamba wakulima hutumia maji yake dhidi ya wadudu wa mimea. Nikachuma majani tele, nikayatwanga kwenye kinu, nikayaloweka katika ndoo. Nilijiona nimepata dawa iliyoota kwenye ardhi ya ukoo wangu mwenyewe, isiyotoka dukani, isiyo na kopo wala fuvu la kichwa kwenye lebo.

Mama mkubwa alirudi na maji akanikuta nimepiga magoti, mtoto wa mbwa mkono mmoja, kikombe mkono wa pili. Aliuliza nataka kufanya nini. Nilimjibu kwa fahari kwamba hii ni ya asili kabisa, haina kemikali.

Hakucheka. Alitua ndoo yake taratibu, akaniondolea mtoto mkononi, akamrudisha kwa mama yake.

"Sisi tulipokuwa wasichana tuliponda majani hayohayo tukayatia mtoni," alisema. "Samaki walikuja juu, matumbo yanaangalia mbinguni. Nao hawakuuliza kama ni ya asili."

Nilibaki nimepiga magoti pale. Jana nilikuwa nimemhesabia kifo cha mbwa, na leo, kwa mikono yangu na kwa kujiamini kuzidi kwake, nilikuwa sekunde chache tu kabla ya kufanya kosa lilelile. Nilichimba shimo mbali na kijito nikaimwaga ndoo humo. Nilipomwomba radhi alisema tu kwamba kinu kile anatwangia mahindi, kwa hiyo nikisugue vizuri. Nilikisugua mara nne.

Kuanzia hapo tulifanya kazi wawili. Begi langu lilikuwa na kitana cha meno ya karibukaribu, cha kuchania chawa, na kioo kidogo cha kukuzia vitu. Mama mkubwa alileta kitambaa cheupe. Nilimchana mama mbwa mgongoni, nikakung'uta kitana juu ya kitambaa, zikaanguka punje nyeusi kama majani ya chai yaliyosagwa. Alidhani ni vumbi. Nikazidondoshea maji, na kila punje ikajitandaza polepole ikawa doa jekundu.

Aliinama mpaka pua ikakaribia kitambaa. Nilimweleza kwamba ni kinyesi cha viroboto, na kinyesi chao ni damu waliyoinyonya. Akasema neno moja la Kiluguru ambalo sikuwahi kulisikia kinywani mwake, halafu akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayepanga vita, wako wapi wengine.

Hilo ndilo swali nililolisubiri. Nilimpa kioo, nikamwonyesha vumbi la chini ya magunia. Mabuu membamba meupe yalikuwa yakijinyonganyonga humo, na vijiyai kama chembe za chumvi. Wale tunaowaona kwenye mbwa ni wachache tu, nilimwambia. Kizazi kinachokuja kiko sakafuni, katika nyufa za udongo, kinangoja. Ukimmwagia mbwa sumu yote ya duniani, jiko litamzalia viroboto wengine.

Chuoni nilifundishwa kwamba matandiko hufuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa kwenye jua kali. Pale Mgeta jua lilichungulia kwa muda wa saa moja tu likarudi kwenye ukungu, na magunia yaliyofuliwa asubuhi yalikuwa mabichi jioni. Mama mkubwa ndiye aliyepata njia. Alichoma magunia. Badala yake tulitandika majani makavu ya migomba, na kila asubuhi tuliyakunja na vyote vilivyodondokea ndani yake, tukayatia motoni, tukatandika mapya. Kisha akashuka kwenye ukingo wa udongo mwekundu, akarudi na ndoo mbili, akaufinyanga na majivu na maji. Tulifagia jiko, tukamwaga maji yanayochemka kwenye kona, naye akaikandika sakafu yote upya kwa kiganja, kutoka ukutani hadi kwenye mafiga, mpaka hapakubaki ufa. Nilimtazama akiwafunika adui zetu kwa ustadi ule wa mikono, na nikashindwa kuzuia kicheko cha furaha. Hakuna mwalimu wangu aliyewahi kunifundisha kitu kizuri namna ile.

Mama mbwa tulimwogesha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, tukianza kwa kumzungushia povu shingoni ili viroboto wasikimbilie masikioni. Watoto watatu wakubwa tuliwaogesha mmoja mmoja, upesi, tukawakausha kwa khanga karibu na moto. Yule wa rangi ya majivu hatukuthubutu. Kwa baridi ile maji yangemmaliza. Yeye nilimchana tu, asubuhi, mchana na jioni, kila kiroboto akiishia kwenye bakuli la maji ya sabuni.

Ilibidi pia tushughulikie kabichi, kwa sababu mama mbwa alipenda kulala katikati ya mistari yake mchana, na chochote kilichoko kwenye majani kingefika kwenye manyoya yake, na kutoka manyoya kingefika kwenye vinywa vya watoto. Asubuhi tuliokota viwavi kwa mkono tukawatupia kuku. Tulizungushia majivu kwenye mashina ya miche kuzuia sota, wale wanaokata miche usiku. Vidukari niliwapulizia maji ya sabuni. Nilikuwa nimebeba pia mfuko wa majani ya mwarobaini kutoka nyumbani kwetu mjini, Mwembesongo, nikayachemsha kwa ajili ya mistari iliyoshambuliwa zaidi, lakini safari hii nilimuuliza mama mkubwa kwanza. Alisema haujui mti huo kwa mbwa wadogo. Nami nilikiri kwamba sijui vya kutosha utamfanyaje mtoto mwenye fizi nyeupe. Basi tuliipulizia mistari ya mbali, na mama mbwa tukamfungia upande wa pili mpaka majani yakauke.

Jumatano kitana kilitoa viroboto wachache kuliko Jumanne. Alhamisi wachache kuliko Jumatano. Niliimba nikiwa nafagia.

Ijumaa asubuhi nilimchana mama mbwa na kitana kikajaa. Walikuwa wengi, wepesi, wanaruka kabla sijafika kwenye bakuli. Mama mkubwa alikuwa amesimama nyuma yangu akiona kila kitu. Alianza kupanga njegere kwenye tenga kwa ajili ya kesho.

Nilikaa nje kwenye jiwe na kioo changu, nikiwa karibu kulia, nikawatazama wale viroboto kwenye maji. Kisha nikakumbuka. Kiroboto akishamaliza kuwa buu hujifunga kwenye kifukofuko, na anaweza kukaa humo kimya siku nyingi mpaka asikie joto na mtikisiko. Na sisi tulikuwa tumefagia, tumemwaga maji ya moto, tumekanyaga huku na huku wiki nzima. Tulikuwa tumewaamsha. Niliingia ndani mbio nikamweleza mama mkubwa kwamba hawa si wale tulioshindwa kuwaua. Hawa wametoka kwenye nyufa za ukutani na chini ya kuni, ni wapya, na kama tutawachana leo kabla hawajataga, hawaachi watoto.

"Au unajifariji," alisema.

"Inawezekana, mama mkubwa. Nipe leo tu."

Kisha akasukuma tenga pembeni, akakaa kwenye kigoda, akamvuta mama mbwa mapajani mwake. Tulihamisha kuni zote, tukafagia chini yake, akazikandika kuta mpaka usawa wa goti. Tulichana kwa zamu mpaka ukungu ukaingia mlangoni.

Jumamosi jirani alifika mapema, bomba mgongoni, buti miguuni. Ni mzee anayependwa mlima mzima kwa maneno yake. Nilimwamkia shikamoo.

"Marahaba, bibi shamba," alisema. "Nasikia unawachana mbwa nywele. Unawasuka lini?"

Mama mkubwa alikuwa amekaa mlangoni penye mwanga, kitambaa cheupe mapajani, kitana changu mkononi. Alimchana mama mbwa kuanzia shingoni hadi mkiani kwa uangalifu wa mtu anayechambua mchele wa wageni. Alikung'uta. Akatia maji. Madoa mekundu yalikuwa matatu. Akachana tena upande wa pili, moja. Kisha akamchukua yule mdogo wa rangi ya majivu, ambaye sikuwa nimethubutu kumtazama tangu kulipokucha, akamfunua mdomo kwa kidole gumba. Mtoto alimng'ata. Fizi zilikuwa za waridi hafifu, kama ndani ya ua la peasi, lakini zilikuwa za waridi.

Mama mkubwa alimshika hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kapige kabichi zako," alimwambia jirani. "Mimi msimu huu naokota viwavi. Na mabaki ya bomba, hapa kwangu usiyamwage wala usimwogeshee mbwa wa mtu."

Jirani alitazama sakafu nyekundu, akatazama kitambaa. Aliuliza sasa mabaki ayafanyeje. Nilimwambia achanganye yanayotosha shamba tu, yasibaki. Aliuliza kama hiyo ndiyo chuo kizima walikaa kuifikiria. Lakini hakuondoka. Mama mkubwa alimwambia, kwa upole sasa, kuhusu yule mbwa wa zamani, na kuhusu kichaka walichokifyeka siku mbili. Jirani alivua kofia. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika bomba siku ile. Kisha alisema mbwa wake amelala chini ya ghala, naye anajikuna mpaka anatoka damu, na alikuwa amepanga kumwogesha mchana huohuo.

Nilikimbia ndani kuchukua sabuni. Nilipotoka, mama mkubwa alikuwa ameshaweka ngata kichwani na tenga juu yake, tayari kushuka gulioni, na kitana alikuwa amekiweka mkononi mwa jirani.

"Nenda naye, mwanangu, umwonyeshe pa kuanzia," alisema. "Aanze shingoni. Na urudi mapema, huyu mdogo hajachanwa leo."