Baridi Iliyomkimbia Mgeni

Mara ya kwanza Imeda kupanda hadi kituo cha hali ya hewa, alikuwa na hesabu moja kichwani: mwanamke anayeishi peke yake juu ya mlima wakati wa theluji atanunua chochote kwa bei yoyote. Ilikuwa miaka ile umeme ulipokatika Georgia nzima, helikopta za serikali zikaacha kupanda, na noti mpya hazikununua hata kiberiti. Watu wa milima ya Kaukasi walirudi kwenye biashara ya babu zao: jibini kwa mafuta ya taa, mafuta ya taa kwa soksi za sufu. Imeda hakurithi kitu ila nyumbu mmoja, mtoto wa punda na farasi, rangi ya kijivu, jina lake Lurja. Mdomo alijitafutia mwenyewe.

Mwenye kituo aliitwa Nanuli. Mtu mzima, mrefu, macho yamekunjamana kwa kuutazama mwanga wa theluji. Kila siku, kwa saa zilezile, alisoma joto la hewa na kupima jua limewaka kiasi gani, kisha akaupelekea mji namba hizo kwa redio. Kabla yake kazi hiyo ilikuwa ya baba yake. Mlima ule haukuwa umepitisha siku hata moja bila kupimwa tangu Imeda hajazaliwa.

"Karibu, mgeni. Umeleta nini?"

"Dada yangu, niulize ambacho sikuleta. Chumvi ipo, unga wa mahindi upo, mafuta ya taa yapo, betri..."

"Gongo?"

Imeda akatabasamu. Hapa sasa biashara imefika nyumbani. "La zabibu, dada. Laini, linateleza lenyewe."

"Laini sina kazi nalo. Nataka kali kuliko yote."

Imeda akatoa chupa nyingine; Nanuli akamimina kidogo kwenye kijiko akakiwasha kwa kiberiti. Moto wa buluu ukasimama. "Hili linafaa. Nipe chupa zote."

Imeda akataja soksi nyingi kupita kiasi, makusudi, ili ashushwe. Nanuli akaenda chumbani akarudi na soksi zote, hajapunguza hata jozi. Bei isiyopingwa humkosesha mchuuzi usingizi kuliko hasara. Imeda akajaza vikombe viwili, kama desturi inavyotaka, ili wamtaje marehemu baba wa mwenyeji na kufunga biashara.

"Mimi sinywi," akasema Nanuli.

"Leo?"

"Tangu nizaliwe."

Imeda akakitazama kikombe, akazitazama chupa zikipangwa kabatini, akamtazama mwanamke. Hakuelewa kitu. Akanywa vikombe vyote viwili.

Lurja alikuwa nje, hajafungwa. Hilo nalo lina maana yake. Katika mabonde yale mgeni ni wa Mungu, na mnyama wa mgeni ni mgeni vilevile. Mwenyeji ndiye humwonyesha mgeni kigingi. Mgeni akimfunga mnyama wake bila kuonyeshwa, ni kama amesema nyumba hii ina wezi. Mwenyeji naye akisema "funga mnyama wako", amekwisha kumfukuza mgeni. Nanuli hakuwa na kigingi, maana hakuwahi kufuga hata kuku. Hakumwonyesha, Imeda hakuuliza, na nyumbu akazurura alikotaka mpaka asubuhi alipokuja mlangoni kudai shayiri yake.

Bondeni, katika kijiji cha Sakire, Imeda alisimulia safari yake kwenye kinu cha Batira, msagaji wa mahindi, mtu ambaye masikio yake yalikuwa makubwa kuliko mawe ya kinu chake.

"Yule wa juu," Imeda akasema, "kachukua gongo langu lote. Hakulilia bei!"

"Lote? Peke yake?"

"Nimekwambia lote."

"Na wewe ulilala huko?"

"Nilale wapi, kwenye theluji?"

Batira akacheka mpaka unga ukamruka kwenye kope. Kufikia Jumapili Sakire nzima ilijua kwamba Nanuli ni mlevi, na kwamba anayemletea hulala hukohuko.

Safari ya pili ndipo Imeda alipoona gongo lake linakokwenda. Juu ya nguzo mbele ya nyumba palikuwa na tufe la kioo, kubwa kama boga changa. Jua likilipiga, tufe huukusanya mwanga na kuchoma mstari kwenye karatasi ngumu iliyowekwa nyuma yake. Wingu likipita, mstari hukatika. Nanuli alikuwa amelowesha kitambaa kwa gongo na analifuta tufe lile kama anayemwogesha mtoto.

"Dada! Unamlevya nani?"

"Sakitu ikiganda kwenye kioo, jua halichomi. Maji yataganda juu yake. Gongo haligandi."

"Gongo la zabibu tupu! Unampa kioo!"

"Wewe umelipwa, unalia nini?"

Imeda akazihesabu upya soksi zake. Lakini mlima ule ulizidi kumchanganya. Siku hiyohiyo juu alivua koti kwa joto, na alipoteremka Sakire masharubu yalimganda. Nanuli alimwambia baridi ni nzito, hushuka na kulala bondeni. Imeda alikubali kama mtu anavyokubali maneno ya padri: kwa kichwa, si kwa tumbo.

Safari ya nne au ya tano, walikuwa mezani na uji wa mahindi na jibini, redio ikaanza kukoroma. Sauti ya mwanamume kutoka mjini.

"Nanuli, baridi ya usiku unaipima au unaitunga?"

"Naipima, bwana."

"Mbona kuna siku baridi ya usiku na ile ya asubuhi jua likishatoka ni namba ileile? Kituo cha ng'ambo ya pili usiku huohuo kiliganda, kwako usiku hauna kina. Mtu akilala mpaka kumekucha, akasoma mara moja na kuandika mara mbili, hivyo ndivyo hesabu yake inavyoonekana. Na huku tunasikia habari za gongo."

"Gongo ni la kioo!"

"Mkaguzi atapanda njia ikifunguka. Akithibitisha, utakabidhi funguo."

Redio ikanyamaza. Nanuli alibaki ameshika kijiko hewani. Imeda aliutazama uji wake. Habari za gongo alijua zilikotoka. Akachota kijiko cha uji, maana neno lisilo na mnunuzi halina haja ya kutandazwa.

"Mimi nilitoka," Nanuli akasema, kama anamwambia kijiko. "Nilisoma kwa macho yangu haya."

Kipimajoto cha usiku kilikaa ndani ya kisanduku cheupe cha mbao, juu ya miguu minne, nyuma ya kituo mgongoni mwa mlima. Kililazwa ubavu, na ndani ya dawa yake, ule umajimaji wa kupimia, mlikuwa na kijiti chembamba kama sindano. Baridi ikizidi, dawa hurudi nyuma na kukivuta kijiti. Baridi ikipungua, dawa husonga mbele na kijiti hubaki palepale, kuonyesha usiku ulifika wapi. Nanuli alibadilisha kipimajoto. Alipima macho yake kwa kusoma maandishi ya kopo la mbali. Akarudia hesabu zake zote, kisha akamgeukia mgeni na uso ambao Imeda hakuupenda.

"Kaka Imeda. Ni zile siku unazolala hapa."

"Zipi?"

"Zote. Ukija wewe, baridi inakimbia. Ukiondoka, inarudi."

"Mimi nimekuwa jiko?"

"Sijui umekuwa nini. Nilidhani moshi, maana ukiwepo tunawasha moto mkubwa. Nikapima, moshi haufiki kule. Sijui. Ila usije tena mpaka mkaguzi aondoke."

Imeda aliteremka amechanganyikiwa kuliko nyumbu aliyegeuzwa njia. Soksi za Nanuli zilikuwa zinagombaniwa sokoni. Kituo kikifungwa au akiletwa mwingine asiyejua kufuma, biashara ya majira yote imekwenda. Na mtu anawezaje kuifukuza baridi ya mlima mzima? Njiani alijipulizia pumzi mkononi, akaona ni ya kawaida tu.

Kwenye kinu, Batira alikuwa amekwisha kumtamani Lurja. Alimzunguka mnyama, akampiga kofi la kiunoni, akatikisa kichwa kama wafanyavyo wanunuzi wote duniani.

"Mnyama wako ana ugonjwa wa ngozi. Tazama weupe huu. Nitamchukua kwa huruma, kwa magunia machache ya unga."

"Sakitu hiyo, mjomba."

"Sakitu hapa kando ya jiko langu? Mbona haiyeyuki?"

Imeda akainama. Kweli, paja la kijivu lilikuwa na ukoga mweupe. Akaukwangua kwa ukucha, akaunusa. Rangi. Rangi ya mafuta, ya zamani, inayobanduka kwa maganda. Sakire nzima hapakuwa na kitu kilichopakwa rangi nyeupe. Watu walikuwa hawana mafuta ya kupikia, sembuse ya kupaka. Kichwani Imeda aliuona mgongo wa mlima, mtupu, bila mti wala mwamba wa mnyama kujikunia. Akakiona kisanduku.

"Basi nimeongeza gunia," akasema Batira, alipoona mwenzake bado ameinama.

"Hauzwi," akasema Imeda. "Leo amepanda bei."

Mkaguzi aliitwa Revaz, mtu wa mjini mwenye viatu vizuri na mapafu mabaya. Alihitaji wa kumpandisha, na Imeda alijitolea kwa ujira. Walipofika, Nanuli alikuwa amefunga mizigo yake. Funguo zilikuwa mezani. Revaz alipokuwa akihema karibu na jiko, Imeda akamvuta mwenyeji kando.

"Dada, baridi yako najua aliyeiiba. Utanipa nini?"

"Unanichezea?"

"Soksi zako zote, mwaka huu na ujao, ziwe zangu peke yangu. Asipewe mchuuzi mwingine hata jozi ya mtoto."

Nanuli akatazama funguo mezani. "Chukua. Sema."

"Ni Lurja. Anajikuna kwenye kile kisanduku chako. Kijiti chako kinateleza."

Nanuli akaketi juu ya mizigo yake. Aliwaza nyumbu, akawaza kijiti, na uso ukamfunguka hata Imeda akaanza kujuta kutodai mwaka wa tatu.

"Nilimwona akielekea kule," akasema. "Kila mara."

"Mbona hukusema?"

"Nikwambie nini? 'Mgeni, mfunge mnyama wako'? Wewe mbona hukumfunga?"

"Nimfunge wapi? Hukunionyesha kigingi! Nikutukane nyumbani kwako?"

Wakatazamana, wapumbavu wawili wenye adabu. Kisha Nanuli akasimama, macho yamebadilika.

"Ngoja. Umeniuzia kosa lako mwenyewe!"

"Nimekuuzia jibu. Kosa nilikupa bure."

Mchana jua lilipopanda, wote watatu walikwenda nyuma. Kisanduku kilifunguliwa: kijiti kilikuwa kimekaa kwenye baridi ya alfajiri, na dawa imekwisha kusonga mbele. Imeda akamwachia Lurja. Nyumbu akasimama, akatazama milima.

"Shahidi wako hana la kusema," akasema Revaz.

Imeda akaleta tandiko. Alimtwika nyumbu hilo na mzigo wote, akamtembeza chini na juu mpaka mgongo ukatota jasho, kisha akamvua vyote kwa mara moja. Hakuna nyumbu anayevumilia mwasho wa tandiko lililovuliwa. Lurja alikwenda moja kwa moja kwenye mguu wa kisanduku, akaegemeza paja na kujikuna kwa raha, mdomo wa chini ukimning'inia. Mbao zikatetemeka, maganda meupe yakaanguka. Ndani, kijiti kikajongea, kikajongea, kikateleza hadi ukingo wa dawa. Baridi ya alfajiri ikafutika mbele ya macho ya serikali.

Revaz alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Funguo utabaki nazo, Nanuli. Lakini namba za usiku za siku zile zote lazima zifutwe. Siwezi kupeleka mjini namba iliyoandikwa na nyumbu."

Hapo ndipo Imeda alipomwona Nanuli akipauka. Redio haikumpausha, wala mizigo. Hesabu ya baba yake, ambayo haikuwahi kukosa hata usiku mmoja wa vita, sasa ilikuwa na matundu.

"Mimi nilikuwepo," Imeda akaharakisha. "Pua ilinifa ganzi. Andikeni baridi kali."

"Pua yako haina namba, kaka," akasema Nanuli.

Kabla wageni hawajaondoka, alichukua shoka na kipande cha mhimili, akateremka chini kabisa ya mgongo wa mlima, mahali ambapo mwinuko wa mwisho huanza, akakipigilia kiwe kigingi. Kisha akarudi juu na shoka begani. Batira alipopata habari aliwaambia wasagishaji wake kwamba yule wa juu amekuwa mchoyo, anawafungisha wageni wanyama nusu ya njia. Na jina hilo Nanuli hakulivua tena, ingawa la ulevi lilimtoka.

Soksi zote zikawa za Imeda, kama walivyokubaliana. Lakini kila safari alimfunga Lurja kwenye kigingi na kuubeba mzigo kwa mgongo wake mwenyewe mwinuko wote ule, chupa za gongo zikimgonga mbavu. Alijaribu kupandisha bei ya gongo kwa sababu ya uchukuzi.

"Uchukuzi wa nani?" Nanuli akamuuliza, kitambaa mkononi, akilifuta tufe. "Nyumbu si yuko chini amepumzika?"

Imeda akatua mzigo, akajikuna mgongo kwenye nguzo ya mlango. Nanuli akamtazama mpaka alipoacha.