Mtaro Mbele ya Mlango Wangu

Nilikuwa chini ya mtaro, uji moto umenimwagikia kifuani, mguu wa kushoto umegeukia upande ambao mguu haugeukii, na mwenyekiti wa kamati yetu ya maji amesimama juu yangu na mwavuli. Kulikuwa kunapambazuka. Nilidhani atashuka. Akaniangalia vile mtu anaangalia kuku aliyegongwa na pikipiki, akasema, "Mama, si ungeangalia mahali unakanyaga?" Halafu akaongeza, "Vumilia tu. Haya maji yakija ni yako."

Walioniangusha ni wawili, na sitaji majina kwa sababu mtaa mzima wa Matisi, hapa Kitale, unayajua. Wa kwanza ni kontrakta. Alichimba mtaro mbele ya ploti zetu, akasema bomba zinakuja, akaenda zake. Siku moja kabla sijaanguka alituma gari likachukua ubao tuliokuwa tunavukia, ati ubao ni wa kampuni. Wa pili ni huyo mwenyekiti. Aliona ubao ukipakiwa, akanyamaza. Mimi nilitoka alfajiri na uji wa kuuza steji ya matatu, nikakanyaga pale mguu umezoea.

Dada yangu alikuja kutoka Bokoli kuniuguza, mpaka maharagwe yake yakaanza kuozea shambani, ikabidi arudi. Tukawa na shida ya kusalimiana. Kwake simu ya kuongea inakatika kila neno la pili. Kuandika, mimi niliachia darasa la tatu, na yeye hata huko hakufika. Binti yake ndiye alitupa njia. "Mama mdogo," akaniambia, "kila asubuhi piga picha moja ya kitu chochote, utume. Mama akiiona atajua umeamka."

"Na isipokuja?" dada akauliza.

"Basi tunapanda gari tunakwenda kumwangalia."

Hivyo ndivyo nilianza kupiga picha kila siku, mwaka mzima, mtu ambaye hata kwenye harusi yangu sikupigwa. Za kwanza zilikuwa mabati ya dari na plasta ya mguu wangu. Hizo zikaisha utamu. Kutoka kwenye stuli yangu ya mlangoni, kitu kingine nilichoweza kuona kilikuwa ule mtaro.

Mwanzoni niliupiga kwa hasira. Lakini kitu ukikiangalia kila siku kwa sababu kuna mtu anakingoja, unaanza kukiuliza maswali. Mvua ikinyesha maji yake yalikuwa mekundu, jua likikaa yanageuka kijani. Vyura wakaja. Nani aliwaita? Mimi nimekaa hapo mlangoni na sikuona hata mmoja akipita njiani. Nikaanza kuangalia vile watu wanavuka. Mwalimu wa ploti ya pili alikuwa anapima kwa macho, anarudi nyuma, anapima tena, halafu anazunguka mpaka mwisho. Wazee wa kanisa waliruka, Biblia kwapani. Walevi walipita hapo kila siku na hakuna aliyeanguka. Mimi sinywi.

Siku moja mama mboga, jirani yangu ambaye watu wake walitoka Murang'a zamani wakanunua mashamba huku Kitale, akashuka kwenye mtaro na jembe, akapanda nduma. Nikamuuliza kama ameomba ruhusa.

"Mtaro ni wa kontrakta," akasema bila kuinua kichwa. "Matope ni ya Mungu."

Nduma zikapenda pale. Kila asubuhi nilitaka kujua jani lipi limefunguka. Dada akapanda kilima kinachoshika mtandao ili anipigie. "Naona umelima. Nani alikupa shamba Kitale?" Nikamwambia sio shamba, ni ule mtaro. Akasema, mtaro gani huo una nduma kubwa kuliko zangu?

Plasta ikatolewa, nikabaki na fimbo. Ningeacha picha hapo, lakini nilikuwa nimeshazoea kuuliza huu mtaro leo una nini. Hata nilipokwenda Bungoma mjini kwa daktari wa mifupa, nikalala kwa binti ya dada, mama mboga alinipigia picha ya mtaro kwa simu yake. Nusu ya picha ilikuwa kidole chake. Dada akauliza ni ugonjwa gani umeshika nduma.

Mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia, vijana wa kontrakta wakaja na makoleo. Nilikuwa kwenye stuli. Mama mboga akawaomba ang'oe nduma zake kwanza, wakakubali, wengine wakamsaidia. Kisha wakaanza kurudisha udongo. Nikamuuliza mmoja, bomba zitapita wapi sasa?

"Mathe, sisi tumeambiwa tufukie," akasema.

Mwisho wa mtaro wakajenga ukuta mfupi wenye mfereji wa kufungulia maji, wakaupaka rangi ya samawati. Wageni wakaja na mpiga picha wa kamera kubwa. Mwenyekiti akanitafuta mimi, mwenye fimbo, akanisimamisha hapo na jerikeni, akawaambia wageni huyu mama ameteseka kwa ajili ya mradi. Maji yakatoka. Tukapigwa picha moja, wakaondoka. Kesho yake mfereji ukadondosha matone, ukanyamaza. Nyuma ya ukuta kulikuwa na tangi jeusi. Siku ya kuamkia sherehe sote tuliona lori likilijaza, tukadhani ni maji ya kupikia wageni.

Nikamkuta mwenyekiti pale pale, watu wamepanga jerikeni tupu. Nikamuuliza bomba ziko wapi.

"Ziko chini, mama. Bomba sio kitu cha kuonekana."

"Ziliwekwa lini?"

"Mapema sana. Wewe ulikuwa unauguza mguu, ungeona saa ngapi?"

Wengine wakacheka. Nikarudi nyumbani na fimbo yangu, nikamwomba dada aketi na binti yake akija kutoka mjini, wafungue picha zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Walianza baada ya chakula cha mchana, wakamaliza ng'ombe wakirudi. Dada akapanda tena kilima.

"Kuna maji," akaniambia. "Kuna vyura, kuna nduma, kuna kidole cha yule mama. Bomba haliko."

Kwa hiyo habari ya ubao siulizi tena, wala ya uji. Wewe mwenyekiti, mchukue kontrakta wako mje msimame pale uliposimama na mwavuli. Mnasema bomba ziliwekwa. Tajeni siku. Chagueni yoyote ya mwaka ule, nitafungua picha yake mbele ya watu, na mtuonyeshe bomba kwa kidole. Mkishindwa, basi mniambie huu mguu niliuvunjia maji gani.